Aksyo ya mufanyakazi iko mu mukono ya nani?

Mu mwezi wa 12 wa mwaka wa 2024, habari ilitembea mu telefone za watu wengi hapa Katanga: SpaceX, kampuni ya Marekani yenye kutengeneza roketi, imefikia bei ya dola bilioni 350, na wafanyakazi wake wamepata njia ya kuuzisha aksyo zao kwa dola 185 kila moja. Toka siku ile, ku sendika tunaulizwa swali moja kila juma: «Na sisi wachimbaji, juu ya nini hatupewe aksyo? Kobalti si yetu?»

Swali ni la haki. Kobalti inaingia mu chuma ya moteri za ndege, ile chuma yenye kuvumilia moto mukali bila kulegea, na zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia inachimbwa hapa Congo. Tena Code minier, gisi ilibadilishwa mu 2018, inaomba 10% ya kapitali ya kampuni ya mugodi iwe mu mikono ya raia wa Congo, watu wenye nyama na damu, mbali na ile 10% ya Serkali. Kwa hiyo siku moja mutu atakuja mu kambi na karatasi yenye kuandikwa «aksyo», na wachimbaji watapiga makofi. Mbele ya kupiga makofi, tuangalie wenzetu wenye kufanya kazi ya ndege na roketi ilikuwa namna gani kwao. Wao walianza zamani. Kuna mambo waliyofanya muzuri sana, na kuna mitego iliyowakamata ambayo sisi tunaweza kuiona mapema.

Tuanze na roketi. Mu 2024, SpaceX haikuwa ku bursi. Maana yake, hakukuwa soko fasi ungeweza kwenda asubui na aksyo yako, uuzishe, urudi ku nyumba na feza. Ni sawa vile mutu mwenye parsele mu kijiji fasi chifu peke yake njo anasema: unaweza kuuzisha siku gani, kwa nani, na kwa bei gani. Parsele ni yako, jina lako liko juu ya karatasi. Lakini mulango wa kutokea unashikwa na mwingine.

Nani anashika mulango? Kuna patron mwenye kampuni, na kuna wale Wafaransa wanaita «investisseurs institutionnels». Mimi nitasema masanduku makubwa, juu njo vile viko: masanduku yenye kukusanya feza za watu wengi na kuziweka mu makampuni. Mu 2008, wakati SpaceX ilikuwa imeangusha roketi mara tatu na ilikuwa karibu kufunga, sanduku moja linaloitwa Founders Fund liliweka dola milioni 20. Mu mwezi wa kwanza wa 2015, Google na Fidelity waliweka dola bilioni moja pamoja na kupata karibu 10% ya kampuni. Mu 2019 aliingia Ontario Teachers'. Jina hilo mulisome vizuri: ni sanduku la pansio la walimu wa Ontario, kule Canada. Walimu wa shule, watu wa choki na ubao, feza yao ya uzee iko ndani ya roketi za Marekani. Mara nyingi wale tunaita «matajiri wa bursi» ni wafanyakazi wa inchi ingine waliokusanya feza yao fasi moja na kumutuma mutu mwenye akili ya kuongea kwa jina lao. Ninalitaja hapa, nitalirudilia mbele.

Sasa, masanduku haya yanamusaidia mufanyakazi mwenye aksyo, ao yanamuumiza? Yote mbili, na inategemea karatasi.

Faida iko wazi. SpaceX ilikuwa inafungua mulango karibu mara mbili kwa mwaka: inapanga siku, masanduku yanaleta feza, na mufanyakazi anaweza kuuzisha sehemu ya aksyo zake. Ile ya mwezi wa 12 ilikuwa ya dola bilioni 1 na milioni 250. Kampuni yenyewe ilichukua mpaka milioni 500, masanduku yakachukua ingine. Katikati ya mwaka uleule, 2024, bei ilikuwa 112. Miezi sita nyuma, 185. Mufanyakazi mwenye aksyo 500 alitoka ku dola 56,000 mpaka dola 92,500 bila kuongeza hata saa moja ya kazi. Bila masanduku makubwa, mulango ule haungefunguka. Mufanyakazi angebakia na karatasi nzuri mu kabati mpaka siku kampuni ingeingia ku bursi, kama ingeingia. Na juu masanduku hayo yako na wenyewe wenye kuyauliza hesabu, lazima yaandike kila mara aksyo wanayoishika iko na bei gani. Mufanyakazi anaweza kusoma hesabu ya Fidelity na kujua kama patron anamudanganya. Hiyo si kitu kidogo. Hapa kwetu nani anajua kampuni anayofanyia kazi iko na bei gani?

Lakini tuangalie upande mwingine. Mu 2024, magazeti ya Marekani yaliandika juu ya kontra ambazo wafanyakazi wa SpaceX wanatia sahihi kwa kupata aksyo. Waliandika kama kampuni inaweza kununua tena aksyo za mutu aliyeacha kazi, mu miezi sita nyuma ya kuondoka kwake. Waliandika tena kama kampuni inaweza kumukataza mutu kuuzisha siku ya mulango, kama inasema alikosa uaminifu ao alivunja sheria za kazi. Na aliyefukuzwa kwa kosa, aksyo zake zinaweza kuchukuliwa kwa sifuri. Nani anapima kosa? Kampuni. Tribinali inaweza kuja nyuma, nyuma sana, na avoka ni ya kulipa.

Mu mwezi wa 6 wa 2022, wafanyakazi wa SpaceX waliandika barua ya wazi ya kulaumu mwenendo wa patron wao, Elon Musk. Wengine walifukuzwa. Mu mwezi wa kwanza wa 2024, ofisi ya Serkali ya Marekani yenye kuchunga haki za wafanyakazi iliishitaki kampuni juu ya wafanyakazi 8 waliofukuzwa, na kampuni ikajibu kwa kuishitaki ofisi yenyewe. Ninaomba kila delege afikiri kidogo hapo. Mutu mwenye mushahara paka, ukimufukuza anapoteza mushahara wa mwezi wenye kuja. Mutu mwenye aksyo za miaka 8, ambaye nyumba yake na masomo ya watoto yote iko ndani ya karatasi ile, ukimutisha na kumufukuza, unamutisha na miaka 8 yote. Atatia sahihi barua ya malalamiko? Atasimama mbele ya mulango siku ya mugomo? Aksyo inaweza kuwa kamba ya kufunga mudomo, na kamba hiyo iko laini sana kwa mukono, mutu hasikii kama amefungwa.

Kuna jambo lingine ambalo wafanyakazi wengi hawaelezwe hata kidogo, na njo lile masanduku yanapigania kuliko yote: muchongo wa kulipwa. Tunajua muchongo, hapa kwetu tunapanga muchongo ku maji na ku mafuta. Mu kampuni pia kuna muchongo. Siku kampuni inauzishwa ao inaanguka, wenye deni wanalipwa kwanza. Kiisha wenye aksyo za mbele, zile masanduku yanaomba siku wanaleta feza. Kiisha, kama kunabakia kitu, wenye aksyo za kawaida. Mufanyakazi, sawasawa kila fasi, anapewa aksyo za kawaida.

Nitoe mufano wa hesabu, wa kufikiri paka. Kampuni ndogo ya roketi: sanduku limeweka dola milioni 100 na liko na 50%, waanzishi wako na 30%, wafanyakazi wako na 20%. Kampuni inauzishwa kwa milioni 120. Mufanyakazi anapiga hesabu: 20% ya 120, ni milioni 24. Anaenda kununua kretere ya bia. Lakini sanduku liko na aksyo za mbele, linasema: mimi narudishiwa milioni 100 yangu kwanza. Inabakia milioni 20 ya kugawanya kati ya waanzishi na wafanyakazi. Wafanyakazi wanapata milioni 8. Na kama kampuni inauzishwa kwa milioni 80? Sanduku linachukua yote. Asilimia 20 yao haikubadilika hata kidogo juu ya karatasi. Paka feza njo haiko.

Na haiko mambo ya kufikiri paka. Kule Texas kulikuwa kampuni inaitwa Firefly Space Systems. Mu 2016, mwenye kuweka feza mumoja wa Ulaya alijitoa, na kampuni ikarudisha wafanyakazi wote ku nyumba. Mwaka wenye kufuata, mali yake iliuzishwa ku mnada, na jina likaanzishwa upya na mwenye feza mwingine. Wale waliokaa usiku kucha mu usini wakifunga bulo ya roketi, mnada ule haukuwa wao. Kampuni mpya ilipanda, ikauzishwa tena kwa sanduku lingine mu 2022. Lakini hiyo ni mupira mwingine.

Nilikuwa na haraka ya kufika Wichita, juu Wichita ni hadisi ya sendika.

Wichita ni muji wa ndege mu jimbo la Kansas, sawa Kolwezi ni muji wa shaba. Baba, mutoto, mujukuu, wote mu usini moja. Usini kubwa ilikuwa ya Boeing. Mu 2005 Boeing iliamua kuiuzisha, pamoja na zingine za Oklahoma, kwa sanduku la Canada linaloitwa Onex, kwa dola milioni 900 hivi. Onex na wenzake waliweka feza yao milioni 375; ingine ilikuwa deni. Kampuni mupya iliitwa Spirit AeroSystems, na haikuwa ku bursi. Wafanyakazi waliambiwa sentensi ile tunaijua hapa kwetu sawa wimbo: gharama iko juu sana, lazima mushahara ushuke 10%, na si wote watakaorudishwa. Mamia hawakuitwa tena. Wengine walienda ku tribinali wakisema walitupwa juu ya umri wao. Walishindwa mu 2012.

Sasa, sendika ya Machinists ilifanya nini? Ingeweza kukataa yote, na usini ingeweza kufungwa. Ingeweza kukubali yote na kuimba. Walikaa ku meza na kusema: sawa, mushahara unashuka, lakini kama ninyi mutapata faida juu ya mushuko huu, na sisi tunataka sehemu ya faida hiyo. Na ile sehemu haikuandikwa mu barua ya patron kwa mufanyakazi mumoja mumoja. Iliingia mu mapatano na sendika. Mufanyakazi hakulipa hata senti kwa kuipata. Na hesabu yake ilifungwa ku faida ya Onex mwenyewe: siku Onex itauzisha kampuni ao kuiingiza ku bursi, na ikapata faida, siku ileile wafanyakazi wanalipwa.

Muone akili ya jambo hilo. Hawakuomba kupewa mulango wao peke yao, mulango mudogo wa nyuma ambao patron anaufunga akitaka. Walijifunga ku mulango wa mukubwa. Sanduku haliwezi kutoka bila kuwafungulia na wao.

Mulango ulifunguka upesi kuliko watu walivyofikiri. Tarehe 21 mwezi wa 11 wa 2006, Spirit iliingia ku bursi ya New York kwa dola 26 kila aksyo. Wafanyakazi wa sendika waligawanya zaidi ya dola milioni 300. Kwa mwanachama wa Machinists ilikuwa karibu dola 60,000, mbele ya kodi, sehemu feza mukononi, sehemu aksyo. Si injenieri, si mukubwa wa biro. Mutu wa kupiga riveti. Kwa ginsi ninavyojua, ni mara chache sana mufanyakazi wa mikono amepata kitu kama hicho kutoka kwa sanduku la namna ile.

Njo maana watu wengine wa sendika wanasimulia Wichita sawa muujiza. Mimi sikubali neno hilo, na nitaeleza kwa hesabu. Tuseme mutu alikuwa na mushahara wa dola 50,000 kwa mwaka. Kushuka 10% ni dola 5,000 kila mwaka. Dola 60,000 ni miaka 12 ya mushuko ule. Kama mushahara haukurudishwa juu, mu mwaka wa 13 unaanza kumulipa Onex kwa mufuko wako. Tena pansio na mambo mengine mengi yanahesabiwa ku mushahara. Hayahesabiwe ku zawadi ya siku moja. Na Onex? Ilitoka pole pole, ikiuzisha sehemu kwa sehemu, mpaka 2014. Mu milioni 375 ile ilipata zaidi ya bilioni 3. Wafanyakazi walipata sehemu ya mukate, ni kweli, na walipata kwa nguvu yao. Lakini kisu kilibakia mu mukono wa Onex.

Na wale walioshika sehemu yao ya aksyo bila kuuzisha? Mu krizi ya 2008 na 2009, ile ile iliyofunga makampuni mengi hapa Katanga na kutupa watu inje, aksyo ya Spirit ilianguka chini ya nusu ya bei ya siku ya kwanza. Ilipanda tena nyuma, juu sana. Kiisha ndege za 737 MAX zilisimamishwa mu 2019, na mu mwezi wa kwanza wa 2020 Spirit ilirudisha ku nyumba watu 2,800 wa Wichita. Hapo unaona ubaya wa kuweka mayai yote mu kitunga kimoja: siku kampuni inagonjwa, unapoteza kazi na akiba pamoja, siku moja, kwa sababu moja. Mu mwezi wa 7 wa 2024, Boeing ilikubali kununua Spirit tena, kwa dola 37 na senti 25 kila aksyo. Usini ilirudi kwa mwenyewe wa kwanza, karibu miaka 20 nyuma. Watu wa Wichita wanajua kucheka na mambo hayo, mimi nafikiri.

Turudi kwetu.

Hapa kwetu tuko na mufano wetu wa muchongo wa kulipwa, na haukuwa wa wafanyakazi, ulikuwa wa Serkali. Gécamines ilikuwa na 25% mu KCC ya Kolwezi pamoja na tawi lake; Glencore, kupitia Katanga Mining, iliongoza 75%. Miaka na miaka, KCC ilikuwa na deni kubwa kwa kampuni mama yake, mabilioni, na deni linalipwa mbele ya dividendi. Mu mwezi wa 4 wa 2018, Gécamines ilienda ku tribinali ya Kolwezi kuomba KCC ivunjwe. Miezi miwili nyuma walipatana: deni la dola bilioni 5 na milioni 600 liligeuzwa kuwa kapitali, na Gécamines ikalipwa dola milioni 150. Unaona? Gécamines, na ba avoka wake, na Serkali mugongoni, na 25%, ililazimika kupiga kelele ku tribinali juu aksyo zake zilikuwa nyuma ya deni. Mutu mwenye aksyo 20, mwenye kofia na lampe, atapiga kelele kwa nani?

Kwa hiyo mimi siko mupinzani wa aksyo. Ninapinga karatasi yenye kuletwa na «nadhani» na «mutaona mbele». Siku mazungumzo yanaanza, jambo la kwanza kwa delege ni kujua aksyo hizo zitashikwa na nani: kila mutu na karatasi yake mu mufuko, ao wote pamoja mu sanduku moja la wafanyakazi? Ninarudilia hapa wale walimu wa Ontario. Mwalimu mumoja hawezi kwenda kuongea na Elon Musk. Walimu wote pamoja wanaweza, na wanapokelewa ku mulango wa mbele. Wachimbaji 3,000 wenye aksyo kidogo kidogo, kila mumoja peke yake, watauzishia mufanya biashara wa kwanza mwenye kupita mu cité na feza mukononi, mu mwezi wa 9 wakati ada ya shule inaombwa. Ninawajua wandugu zangu. Hata mimi ningeuzisha.

Jambo la pili ni muchongo. Kama wanatupa aksyo za kawaida nyuma ya deni la kampuni mama, basi wanatupa karatasi ya kufunikia madaftari ya watoto. Bora sehemu ndogo ya mali yenye kutoka mu mugodi kuliko sehemu kubwa ya faida ambayo ba kontabli wanaweza kuifuta kwa kalamu. Sheria yenyewe ilifahamu jambo hilo: ile 0,3% yenye kwenda ku jamii za kandokando ya mugodi inahesabiwa ku mauzo, haihesabiwe ku faida. Waliosimamia kipengele hicho walikuwa na macho.

Na kuna wale wa sous-traitance. Mu migodi yetu, mutu anayefanya kazi ileile, mu shimo lileile, na mavumbi yaleyale mu kifua, anaweza kuwa na kontra ya kampuni ingine, ya mwaka mumoja, ya miezi mitatu. Siku watasema «aksyo kwa wafanyakazi wa kampuni», yeye hataonekana mu liste. Kama sendika inakubali hivyo, kutakuwa wachimbaji wa namna mbili mu kambi moja, na patron hatahitaji tena kutugawanya, tutakuwa tumejigawanya sisi wenyewe. Na kampuni itakuwa na sababu mupya ya kupeleka watu wengi ku sous-traitance.

Ku mushahara, mimi nasimama pale pale: aksyo isiingie kwa kubadilishana na mushahara. Watu wa Wichita walikuwa na kisu ku shingo. Sisi, wakati kampuni inatafuta namna ya kufuata sheria ya 10%, kisu hakiko ku shingo letu, kiko ku shingo lake. Ba delege wasiingie mu meza wakitetemeka sawa watu wenye kuomba musaada.

Wandugu wengine watasema: lakini tupate kitu, hata kidogo, hata leo. Wanakumbuka «départs volontaires» za Gécamines za mwaka wa 2003, wakati zaidi ya watu 10,000 waliondoka na bahasha moja. Wanajua feza ile ilikwisha namna gani mu nyumba nyingi: baiskeli, bati, kilio, kiisha hakuna. Aksyo yenye kuuzishwa siku ya kwanza ni bahasha ileile yenye jina jipya.

Mwisho, ba mama. Mu mikutano ya aksyo wanaitwa wanaume wenye kofia, na karatasi inatiwa sahihi na wanaume wenye kofia. Lakini mugodi unaua, tunajua. Kontra za SpaceX zinasema wazi nini inafanyika mutu akiacha kazi, hata kama inasema mambo mabaya. Mu karatasi yetu lazima iandikwe, kwa Swahili na kwa Kifaransa: mutu akikufa mu shimo, akivunjika mugongo, akifikia pansio, aksyo zake zinaenda kwa nani, zinalipwa kwa bei ya nani, na mu siku ngapi. Kule Marekani, mara nyingi, mwenye kuacha kazi anapewa siku 90 za kutafuta feza na kununua aksyo alizoahidiwa, ao anazipoteza. Mujane wa hapa, mwenye kulala chini siku 40 na wakwe wanahesabu viti mu nyumba, siku 90 zitamupita hata hajafungua bahasha. Delege atakayeleta karatasi mu kambi bila jibu hilo, bibi ya nyumba amurudishe nayo ku biro mbele hajakaa.